Kampuni Ilikuja Kabla ya Bendera

Wasee, shule ilituambia Waingereza walikuja kututawala. Ukweli nusu. Kwanza ilikuja kampuni. 1888, Imperial British East Africa Company ilipewa kibali cha kufanya biashara na kutawala huku. Ilipoishiwa na doh, 1895 serikali ya Uingereza ikachukua. Biashara mbele, bendera nyuma.

Halafu ikaja kodi ya nyumba. Una shamba, una mbuzi, huhitaji kazi ya mzungu. Lakini kodi inataka pesa, na pesa iko kwa mzungu. 1920, wanaume wakavishwa kipande shingoni. Reli ilihitaji mikono, ndio maana kuna Muthurwa na Makongeni. Eastlands yetu ilianza kama stoo ya wafanyakazi.

Sasa niambie nini kimebadilika. Januari 2023, jarida la Time liliandika vile vijana hapa Nairobi walisoma maandishi ya ubakaji na mauaji ili ChatGPT ifunzwe adabu. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Beshte yangu wa Umoja alifanya kazi kama hiyo kwingine. Aliacha, lakini hadi leo analala taa ikiwa imewaka.

Mimi niliacha kampasi juu ya karo, so sina ulekchara wowote. Na najua utasema kazi hakuna, heri hiyo. Hata babu zetu waliambiwa heri hiyo.

Mbona bei ya usingizi wa kijana wa Umoja inapangwa California?