Kabla Ndege Ipae Ukunda: Rubani Hucheki Nini Hasa?

Ukiishi Bongwe, mlio wa ndege ndogo za Ukunda ushauzoea, huinui hata kichwa. Lakini tangu 28 Oktoba 2025, manze, wasee wengi tunainua. Asubuhi hiyo Cessna Caravan, 5Y-CCA, ilitoka Diani ikielekea Kichwa Tembe, Maasai Mara. Ikaanguka Tsimba Golini, hapa hapa Kwale. Watu 11 wakaenda: Wahungari 8, Wajerumani 2 na rubani Mkenya.

Hata kabla moto upoe, mtandaoni kila mtu alikuwa injinia. "Hawakuikagua hiyo ndege!" Sawa, lakini unajua kukagua ndege ni kufanya nini? Si kupiga teke tairi kama makanga wa stage ya Ukunda.

Rubani huizunguka ndege yote kwa miguu. Anashika usukani wa mabawa na mkia kuona kama unacheza vizuri, anapapasa propela akitafuta nyufa, anacheki oili, matairi, breki. Halafu anachota mafuta kidogo chini ya tangi kwa kikombe cha kuonea. Kwa nini chini? Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama huko. Yakifika kwa injini ni ngori, na Caravan iko na injini moja tu.

Vitu vidogo ndivyo huua. 1996, ndege ya Aeroperú ilioshwa huko Lima, na mkanda wa gundi uliofunika vitundu vya kupimia presha ya hewa ukasahaulika. Ikaruka hivyo hivyo usiku. Marubani wakawa hawajui wako juu kiasi gani, wala wanaenda kasi gani. Watu 70 wakafa baharini. Mkanda tu!

Ile nusu ingine ya ukaguzi haiko kwa ndege. Iko angani na kwa karatasi: mawingu kwa vilima vya Shimba, uzito wa abiria na mizigo, mafuta ya safari na ya akiba. Ndiyo maana unapimwa kilo pamoja na begi lako, usione haya. Na hapa ndipo naona noma kubwa: mtalii ashalipa, hoteli ya Mara inamngoja, na rubani mmoja anafaa aseme "leo tungoje." Hiyo presha haina kikombe cha kuipimia.

Sisemi hilo ndilo lilitokea Tsimba Golini. Kazi ya kusema ni ya wachunguzi wa ajali za ndege, AAID, na sheria za kimataifa zinawataka watoe ripoti ya awali ndani ya siku 30, kisha ya mwisho, ikiwezekana ndani ya miezi 12.

Lakini wewe ukipanda, safari ikicheleweshwa lisaa moja juu ya mawingu, usimtukane dada wa kaunta. Na ukiona rubani ameinama chini ya bawa na kikombe chake, mwache amalize.