Biashara ya Kasuku

Kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, hukaa katika misitu ya Afrika, tangu nchi za magharibi mpaka Kongo na Uganda. Wachache hufika hata magharibi ya Kenya. Huiga maneno ya watu kuliko ndege wengi, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Kama angekuwa bubu, watu wa nchi za mbali wasingemtamani.

Mtegaji hupanda mti mrefu, akapaka ulimbo matawini, akafunga huko kasuku mmoja ili sauti yake iwaite wenziwe. Wakitua, hunaswa. Kisha hukatwa manyoya ya mabawa, wakasongwa makashani, wakapelekwa kwa mtumbwi, kwa motokaa na kwa eropleni. Wengi hufa njiani kwa kiu, joto na maradhi. Basi anunuaye kasuku mmoja mjini huwalipia na wale waliokufa kabla ya kumfikia.

Tena hasara hiyo hairudi upesi. Kasuku hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na jike hutaga mayai machache tu katika pango la mti mkubwa. Tangu 1975 kasuku zaidi ya milioni 1 wameandikwa kuwa walitolewa mwituni, wakauzwa ng'ambo. Mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba huko Ghana, katika kila kasuku 100 waliokuwapo mwaka 1992, hawakusalia hata zaidi ya 10. Kukatwa kwa misitu nako kulisaidia kuwamaliza. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka huo huo mataifa yalikutana Johannesburg, na mengi yakakubali kukataza biashara ya kasuku hao waliokamatwa mwituni. Amri ilianza Januari 2017. Waliozaliwa tunduni huweza kuuzwa kwa ruhusa.

Wako wasemao kwamba ndege wa kufugwa huuokoa msitu, maana mtu akimpata huyo hamtafuti yule. Neno hilo ni kweli kwa sharti moja: ndege awe amezaliwa tunduni hasa. Wa mwitu na wa kufugwa hufanana kwa rangi na kwa umbo. Mwongo akiandika cheti cha uongo, aliyeibwa msituni hupita kama mzaliwa wa nyumbani.

Wengine humtetea mtegaji, ya kuwa ni maskini, naye hutafuta chakula cha wanawe. Kweli, wala haifai kumdharau. Lakini yeye hupata fedha kidogo, na faida kubwa huwaendea wachuuzi wa mbali. Kasuku wakiisha msituni, atabaki maskini vilevile, na msitu utakuwa kimya.

Kwa hiyo mzigo mkubwa ni wa mnunuzi. Yampasa kuuliza ndege alizaliwa wapi, na nani aliyemlea, na kuitazama pete ya mguuni aliyovikwa angali kinda. Asipopata jibu la kweli, asinunue. Pasipo mnunuzi, hakuna atakayepanda mti na ulimbo mkononi.