Kunde Kati ya Mahindi

Juma lililopita mzee mmoja alinijia ofisini, parokiani kwetu huku pembeni mwa Temeke, na barua ya mwanawe aliye shule ya bweni. Mtoto aomba ruhusa kuingia chama cha wanafunzi Wakatoliki, TYCS. Mzee akaguna: "Karani, niliuza mbuzi wawili apate kusoma, si kupiga porojo."

Nikamwuliza, "Mzee, masika hii umepanda mahindi peke yake?" Akajibu, "La, na kunde katikati." Basi, masomo ndiyo mahindi, na chama ndicho kunde. Kunde hazinyang'anyi shamba, hulirutubisha.

Wanachama hufundishwa hatua tatu: Ona, Amua, Tenda. Njia hiyo ni ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyefanywa Kardinali mwaka 1965. Naye Papa Yohane XXIII aliisifu katika waraka wake wa mwaka 1961. Wakiona mfereji wa bweni umeziba kwa mvua, hutafuta sababu, huamua, kisha hushika majembe. Je, hizo ni porojo?

Lakini kunde zikizidi, mahindi husongwa. Kwa hiyo, mzazi, uliza kwanza: Hukutana saa ngapi? Nani mlezi wao? Alama za mtoto zaendaje?

Mzee alitia sahihi, akaniamuru niandike chini yake: "Ukishuka darasani, utatoka." Nami niliona ni haki, nikaandika.