Vijana wa Maruta walisema kweli

UKINGO WA ZIWA
Na Bahati Kashindi

Plataea, mji mdogo wa Wagiriki uliobanwa na jirani yake mkubwa Thebes, uliangukia mikononi mwa Wasparta mwaka 427 kabla ya Kristo. Mateka waliulizwa mmoja mmoja kama wamewahi kuitendea Sparta jema lolote katika vita iliyokuwa ikiendelea. Aliyekosa la kujibu aliuawa, na waliouawa walipita 200. Tunayajua hayo kwa kuwa mwanahistoria Mgiriki Thucydides aliyaandika. Uvira ya karne ya 19, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, nayo ilikuwa nchi ndogo yenye mwami wake, ila maandishi tuliyonayo ya wakati ule ni ya wapita njia, na wapita njia hao hawakuwapa wenyeji uzito waliostahili.

Chukua habari ya mto Ruzizi. Mwishoni mwa Aprili 1858, wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta chanzo cha Nile. Wana watatu wa mwami Maruta wakawaambia wazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Wapiga makasia waligoma kwenda mbele, wageni wakageuza bila kuuona mdomo wa mto. Kufika 1864 Burton, akiwa mbali na ziwa, alishaandika kinyume chake. Ubishi ulikatwa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika mdomoni wakaona maji yanaingia. Miaka 13, kwa swali ambalo mvuvi wa Kavimvira, hapo Uvira, angelijibu huku anakunja nyavu! Ziwa Kivu, unakotoka Ruzizi, liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika 770 hivi; maji hayapandi mlima.

Atakayesema masimulizi ya mdomo hugongana ana haki: Speke alishaambiwa na mfanyabiashara Mwarabu kwamba mto unatoka. Lakini kalamu ya Burton nayo ilipotoka. Cha kuuliza ni shahidi anaishi wapi na anafaidika nini.

Pingamizi zito zaidi ni la hapa kwetu: kuuliza historia ni kuuliza nani alitangulia, na swali hilo limeshamwaga damu. Ni kweli. Ila kunyamaza hakujalizuia. Kila upande unajisimulia peke yake, usiku, kwa watoto wake. Thucydides aliweka utetezi wa Plataea na mashtaka ya Thebes katika kitabu kimoja. Basi masimulizi ya Bavira wa Uvira yakusanywe pamoja na ya Bafuliiru, Barundi wa bonde la Ruzizi na Banyamulenge, hata yale yatakayoiudhi nyumba ya mwami.