Mashine ya Sikio si Mwisho wa Dawa



Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sisi wa karakana tumelitumia neno hilo kuwacheka wenzetu walioharibikiwa masikio kwa kelele. Yafaa tuache kucheka, maana kesho ni zamu yetu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 wa boila. Hakupata hata mmoja mwenye kusikia sawasawa. Injini za mvuke zimekwisha kwetu, lakini dizeli, honi na nyundo za upepo zipo. Kelele huua vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vikifa havioti tena. Hakuna sindano wala matone ya kuvifufua. Dawa ya wengi wetu ni mashine ndogo ya kuvaa sikioni, ambayo huikuzia sauti ile sehemu iliyobaki hai.

Mwenzetu mmoja, fundi wa vyuma, alipewa mashine hiyo. Siku ya kwanza aliivua kabla ya chakula cha mchana. Alisema sufuria zilimpigia kelele kama karakana nzima, na sauti yake mwenyewe ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Hakuna aliyemwambia kwamba ubongo uliozoea kimya huhitaji majuma mengi, pengine miezi, kuzoea sauti tena. Mkewe ndiye aliyemsihi aivae kidogo leo na zaidi kesho. Baada ya miezi kadhaa aliwasikia watoto wakimwita kutoka nyuma, na redio yake ikaacha kuwaudhi majirani. Nyumba iliyokuwa ya kupigiana kelele ikawa ya mazungumzo.

Lakini tusidanganyane. Mashine hairudishi sikio la ujana. Penye watu wengi wanaosema pamoja, bado alipotewa. Sauti za “s” na “t” ni katika zile zipoteazo mapema, basi “sita” na “tisa” zilimchanganya. Kwenye reli, ndugu, sita na tisa si mchezo. Tena mashine haipendi jasho wala vumbi, betri zake ndogo huisha kwa siku chache, na baada ya miaka kama 5 yenyewe huchakaa.

Mwaka wa pili ada za shule zilishindana na betri, na betri zikashindwa. Mashine ikawekwa kabatini. Watoto wakaanza tena kupiga kelele, na yeye akaanza tena kukaa peke yake pembeni wakati wa chai. Waliompa mashine hawakurudi kuuliza.

Hapo ndipo penye neno letu. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zasema mfanya kazi asikae kwenye kelele inayopita desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya wafanya kazi inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Ni vema. Lakini fidia hulipwa ikaisha, na uziwi huamka na mtu kila asubuhi.

Wako wasemao chama kishughulikie mishahara tu. Twawajibu: sikio ni mshahara. Wangapi kati yetu huficha uziwi, wakitazama midomo ya msimamizi, kwa kuogopa kuondolewa kazini? Na afichaye hapimwi, wala hatibiwi.

Basi twaomba viongozi wetu wayatie haya katika mapatano yajayo. Kwanza, kila afanyaye kazi penye kelele apimwe masikio kila mwaka na apewe cheti chake. Pili, atakayepewa mashine apewe pia betri, matengenezo, na siku za kurudi kwa mpimaji bila kukatwa mshahara. Tatu, asifukuzwe kwa ajili ya uziwi, bali apewe kazi asiyohatarisha mtu.

Nanyi msikiao vema, vaeni vizibo vya masikio, na mseme na mwenzenu mkiwa mmemwelekea uso. Asiposikia, rudieni bila kucheka. Hiyo ni sehemu ya dawa, na haina gharama.