Ruzuku ya Nishati na Lugha ya Mlengwa: Funzo Kutoka Garsen

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Methali hii inasadifu hali ya wakazi wa Mto Tana. Tangu kituo cha Kindaruma kianze kuzalisha umeme mnamo 1968, kikifuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, maji ya mto huu yamewasha taa za miji mingi ya Kenya. Hata hivyo, katika vijiji vya ukingoni mwa mto huohuo, kuanzia Bura na Hola hadi viungani mwa Garsen, familia nyingi zingali zinapika kwa kuni juu ya mafiga. Waama, laini kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Rabai kuelekea Lamu hupitia Garsen. Lakini kupitiwa na nyaya si kuunganishwa nazo.

Ili kuziba pengo hilo, serikali ilibuni mradi wa nishati ya jua kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, maarufu kama KOSAP. Mradi huo ulilenga kaunti 14, Tana River ikiwemo, kwa mkopo wa dola milioni 150 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mnamo 2017. Sehemu ya fedha hizo ilitengewa vituo vya umma kama vile zahanati na visima vya jamii. Sehemu nyingine ilikuwa ruzuku kwa kampuni zinazouza mitambo midogo ya sola na majiko yanayookoa kuni, ambazo hulipwa matokeo yakishathibitishwa.

Katika mpango wa aina hii, mwenye nyumba hapewi fedha mkononi. Hupata kifaa cha kununua, aghalabu kwa awamu, pamoja na mkataba. Kinga yake basi ni kuelewa: bei kamili ni ipi, dhamana inadumu kwa muda gani, nani atakirekebisha kifaa kikiharibika, na malalamiko yapelekwe wapi. Ilhali nyaraka kuu za mradi ziliandikwa kwa Kiingereza. Makala hii inashikilia kuwa lugha si pambo la kuongezwa baadaye. Ni sehemu ya ruzuku yenyewe. Ruzuku isiyoeleweka humnufaisha muuzaji kabla ya mlengwa.

Tana River ina sababu ya kuwa na tahadhari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti wa mathenge ulipandwa Bura ili kuwapatia kuni wakulima wa mradi wa unyunyizaji. Huo nao ulikuwa mradi wa nishati. Mti ulistawi, ukatoa kuni na makaa. Kisha ukavuka mipaka ya mashamba, ukavamia malisho na kuziba njia za mifugo. Gharama imewaangukia hata wafugaji ambao hawakuwa walengwa wa mradi. Asiyekuwepo na lake halipo. Na mtu anaweza kuketi barazani tangu asubuhi hadi jioni, lakini kama hoja zinaendeshwa kwa lugha asiyoifahamu, hakuwepo.

Kuna watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo ya nishati. Dai hili halina mashiko. Neno "jiko" limekwishaingia katika Kiingereza cha wataalamu kupitia jiko la makaa lenye kigae lililosambaa nchini tangu miaka ya 1980. Vilevile, huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mnamo 2007, imebeba pesa katika jina lake, na mamilioni wamejifunza kutuma na kutoa fedha bila kusubiri kamusi ya benki.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mkazi. Wapokomo, Waorma na Wawardei wana lugha zao. Ni kweli. Hivyo basi, Kiswahili kiwe lugha ya maandishi ya mkataba, na maelezo ya ana kwa ana yatolewe kwa Kipokomo, Kiorma au Kisomali, kulingana na wasikilizaji.

Sheria inaunga mkono msimamo huu. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Isitoshe, Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila serikali ya kaunti iandae mpango wake wa nishati. Mpango wa Tana River unaweza kuweka sharti moja jepesi: kampuni isilipwe shilingi ya ruzuku hadi ithibitishe kuwa mkataba na dhamana vilitolewa kwa Kiswahili.

Idara za Kiswahili vyuoni nazo zina deni. Tasnifu nyingi huandikwa kuhusu istilahi, lakini ni chache humfikia mama wa Garsen anayetia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kutafsiri mkataba wa jiko ni kazi ya kitaaluma sawa na kuhakiki diwani. Wanafunzi wa isimu na tafsiri waanze na kurasa hizo chache.