TUZIBE GHALA LA PUMBA KWANZA, DAWA BAADAYE



Mkutano ujao tutaamua fedha za mfuko wa mifugo zifanye kazi gani. Wapo wanaotaka zinunue dawa za sindano kwa jumla, kila mwenye banda apate chupa yake. Mimi nasema hapana. Zizibe kwanza ghala la pumba, maana pale ndipo panya wa kijiji kizima wanapokula.

Wengi tunahesabu hasara ya panya kwa magunia yaliyotobolewa. Hiyo ni ndogo. Mnyama akipigwa antibayotiki, bakteria dhaifu walio tumboni hufa, wale sugu hubaki wakazaana, kisha hutoka na mavi. Panya anapita humo humo akiokota chembe za chakula, na usiku ule ule anaingia ghalani anakojoa na kunya juu ya pumba ambazo asubuhi utambebea nguruwe wako. Panya huyo hajapigwa sindano hata siku moja, wala duka la pembejeo halijui, lakini amebeba bakteria ambao dawa yako haiwawezi.

Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walitoa taarifa kwamba kwenye mashamba ya nguruwe wamekuta panya weusi wenye bakteria sugu waitwao MRSA, wa ukoo ule ule unaokaa kwa nguruwe. Bakteria hao hushika na watu, wakaleta majipu na vidonda, hata kuingia kwenye damu, na penisilini haifui dafu. Sasa wenzetu hao wana mabanda ya saruji. Sisi wa fito na udongo je?

Atasema mtu, basi tutege sumu. Tege! Panya wa kwangu wakifa, wa kwako wanahamia nafasi iliyobaki, na paka aliyekula mzoga naye anakwenda. Bundi vilevile. Na huyu bundi tunayemfukuza kwa mawe eti ni wa wachawi, ndiye anayetufanyia ulinzi wa usiku bila posho.

Lingine nalisema hata kama litaudhi. Panya anasambaza tu, wanaotengeneza usugu ni sisi. Wapo humu wanaowakorogea kuku wazima tetrasaiklini kwenye maji, "wasiugue". Yupo anayemchoma ng'ombe siku 2, akiona amesimama, chupa inarudi dirishani kungoja mgonjwa mwingine. Na maziwa yake yanaletwa kituoni asubuhi ile ile! Bwana Mifugo amesema mpaka amechoka. Mwaka 2019 peke yake, usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani. Halafu tununue chupa zaidi, tugawane kama sukari?

Turudi ghalani. Panya mdogo wa nyumbani anapenya tundu la kalamu ya risasi, kwa hiyo matope hayatoshi. Panatakiwa saruji na wavu wa chuma. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta, na nyasi zifyekwe pande zote. Miguu ya vihenge ivishwe bati la kukinga panya, mita 1 kutoka chini. Mavi ya mnyama anayetibiwa yasirundikwe karibu na hapo.

Mabati ya zamani yapo nyuma ya ofisi tangu paa lilipobadilishwa, yanashika kutu tu. Kinachokosekana ni saruji, wavu, misumari, na watu wa kufanya kazi Jumamosi moja.

Mwanachama, mfugaji wa nguruwe